Hospitali ya Saint-Louis na Ngozi ya Mgeni

Katika wilaya ya kumi ya mji wa Paris, hatua chache kutoka kwenye mfereji wa Saint-Martin, pana ua wa mraba uliozungukwa pande zote nne na majumba ya matofali mekundu na mawe meupe, yenye mapaa marefu ya vibamba vya kijivu, na katikati yake pana majani na miti ambayo watu wa mtaani huja kukaa chini yake wakati wa adhuhuri, wakala mikate yao na kuwatazama watoto wao wakicheza, bila ya wengi wao kukumbuka kwamba ua huo ulijengwa makusudi ili mtu wa mjini asiingie, na aliyeingia asitoke. Hiyo ndiyo Hospitali ya Saint-Louis, ambayo kwa zaidi ya miaka mia mbili imekuwa makao makuu ya elimu ya maradhi ya ngozi katika Ufaransa.

Nilifika hapo mara ya kwanza asubuhi moja ya mwezi wa Februari, nikiwa na barua ya tabibu mfukoni na kadi ya kijani ya bima ya afya mkononi, kama wafanyavyo wenyeji. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, na riziki ndiyo iliyonileta huku; na kwa kuwa ngozi yangu ilikulia katika hewa ya bahari, yenye unyevu na chumvi, haikupatana na kipupwe cha Paris, ambapo nje kuna baridi ikatayo kama wembe, ndani kuna joto kavu la mabomba, na maji ya kuogea yamejaa chokaa hata huacha ukoko mweupe ndani ya birika. Katika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi ilianza kukakamaa, ikapauka ikawa kama jivu, kisha ikapasuka, na usiku mwasho ukaninyima usingizi. Tabibu wa kwanza niliyemwendea, ambaye sina haja ya kumtaja jina wala mtaa, alinitazama toka upande wa pili wa meza, akasema haoni wekundu wowote, na pasipo wekundu hapana uvimbe, akaniandikia mafuta ya kulainisha mwili na kuniaga. Miezi minne nilijipaka mafuta yale, na ngozi ikazidi kuwa ngumu kama gome la mwembe.

Wakati ule nilidhani taksiri ni yangu, kwamba sikuweza kueleza. Kwetu pwani mtu huwa na maneno matatu au manne kabla hajamwona mganga: ngozi huwasha, hunyea, huchonyota, na mwenye nayo huwawa, na kila neno lina mahali pake, kwani upupu huwasha, kidonda kinachopona hunyea, na ndimu ikigusa mkwaruzo huchonyota. Maradhi nayo yana majina yake, tangu ukurutu na choa hata mba, punye, harara, upele na mbalanga, na mtoto wa miaka kumi aliyelelewa na bibi yake huweza kuyatambua nusu yake bila ya kufundishwa. Mbele ya tabibu yule nilikuwa na neno moja tu la Kifaransa, nalo ni lile ambalo mtoto huambiwa akiumwa na mbu. Mtu akiwa ugenini huweza kununua mkate na kulipa kodi ya nyumba kwa maneno machache. Lakini siku anapoumwa ndipo ajuapo jinsi maneno yake yalivyo machache.

Zamu katika Saint-Louis huwa ndefu, na mimi si mtu wa kukaa bure. Katika kungoja siku ile na siku zilizofuata nilianza kusoma habari za mahali nilipokaa, nikaona kwamba habari hizo, tangu msingi wa kwanza, ni habari za watu waliowekwa nje na watu waliotoka nje.

Tauni ilipoingia Paris katika miaka ya 1605 na 1606, hospitali kuu ya mji, Hôtel-Dieu, iliyokuwa karibu na kanisa kuu la Notre-Dame, ilijaa wagonjwa hata hapakuwa na njia ya kumtenga mwenye tauni na asiye nayo. Mwezi wa Mei 1607 mfalme Henri wa Nne akatoa amri kwamba ijengwe hospitali nyingine nje ya kuta za mji, na gharama yake itoke katika kodi ya chumvi. Jiwe la msingi la kanisa lake liliwekwa mwezi wa Julai mwaka ule ule. Ramani yake hunasibishwa na Claude Chastillon, na ujenzi ulisimamiwa na Claude Vellefaux, ambaye barabara iliyo mbele ya lango la leo ina jina lake. Mfalme mwenyewe hakuiona imekwisha, maana aliuawa kwa kisu mwezi wa Mei 1610, na kazi ilikamilika mwaka 1612. Walijenga ule ua wa mraba, wakauzungushia nafasi tupu, na nje ya nafasi ile wakajenga ukuta, na chakula kikawa kinapitishwa kwa hila ya ujenzi ili mkono wa aliye nje usigusane na mkono wa aliye ndani.

Jina la hospitali lilitoka kwa mfalme Louis wa Tisa, ambaye watu wa dini yake humwita mtakatifu. Louis huyo alikufa mwaka 1270 nje ya mji wa Tunis, alikokwenda na jeshi kupigana na Waislamu, maradhi yalipoivamia kambi yake na kuwafyeka askari kabla ya vita yenyewe. Kwa hiyo nyumba hii ilipewa jina la mtu aliyefikwa na maradhi na mauti katika nchi ya ugeni, pwani ya Afrika; na mimi, Mwislamu wa pwani nyingine ya Afrika, nilipolijua hilo sikuweza tena kupita langoni bila ya kuliwaza.

Kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu Saint-Louis ilifunguliwa wakati wa maradhi ya kuambukiza na kufungwa yalipopita. Hôtel-Dieu ilipoungua moto mwishoni mwa Desemba 1772, wagonjwa wake wakakosa pa kulala, na tangu mwaka 1773 nyumba ya tauni haikufungwa tena. Kisha, mwaka 1801, wasimamizi wa hospitali za Paris waligawa kazi upya, kila hospitali ikapewa fungu lake, na Saint-Louis ikaangukiwa na wale ambao hakuna aliyewataka: wenye upele, wenye punye, wenye ukurutu, wenye vidonda visivyopona. Ndivyo elimu ya ngozi ilivyopata nyumba: wenye ngozi mbaya walikusanywa mahali pamoja ili wasiwaudhi wengine, na mahali pamoja hapo pakatokea watu wenye subira ya kuwatazama.

Wa kwanza wao alikuwa Jean-Louis Alibert, aliyezaliwa mwaka 1768 katika mji mdogo wa Villefranche-de-Rouergue, mbali na Paris, na ambaye kabla ya kuwa tabibu alikuwa ameshika njia ya utawa. Aliteuliwa Saint-Louis mwaka 1801. Alikuwa msemaji hodari, na wakati wa kiangazi alifundisha nje, chini ya miti ya ua, wagonjwa wakiletwa mbele ya wanafunzi mmoja baada ya mwingine. Kuanzia mwaka 1806 alianza kutoa kitabu kikubwa chenye picha za rangi za maradhi aliyoyaona humo, na mwaka 1829 akachora mti, wenye shina, matawi na vitawi, kila ugonjwa ukiwa na tawi lake, kwa kuwa aliamini kwamba maradhi yana ukoo kama watu. Ni yeye pia aliyelipa jina la keloidi lile kovu linaloota na kuvuka mipaka ya kidonda chake; alilifananisha na gando la kaa, kwa namna linavyotanua vidole vyake ubavuni. Sisi watu weusi tunalifahamu kovu hilo kuliko wengine, maana hutupata mara nyingi zaidi, na nani kwetu asiyemjua binti aliyetogwa masikio kwa furaha na ndewe ikaota donge? Kwa hiyo neno moja katika elimu hiyo, ijapokuwa lilitungwa Paris kwa Kiyunani, nililiona ni letu.

Mti wa Alibert haukuishi. Mwanafunzi wake Laurent Biett, naye mgeni, mzaliwa wa milima ya Uswisi, alikwenda London mwaka 1816 kujifunza njia ya Robert Willan, tabibu wa Kiingereza aliyekuwa amekwisha kufa miaka minne kabla, katika kisiwa cha Madeira, alikokwenda kutafuta afya. Willan hakuuliza ugonjwa ni wa ukoo gani. Aliuliza jambo moja jepesi: jicho linaona nini juu ya ngozi? Akapanga kila kinachoonekana katika mafungu manane, ambayo nikiyasema kwa lugha yetu ni vipele, magamba, wekundu, malengelenge makubwa, vipele vya usaha, vilengelenge vya maji, vinundu na mabaka. Biett aliyaleta mafungu hayo Saint-Louis, wanafunzi wake wakayaeneza, na hata leo, baada ya hadubini na vipimo vya damu, tabibu wa ngozi popote duniani huanza kwa kusema anachokiona, kwa maneno yaliyo kizazi cha yale manane.

Nilipoyasoma nilisimama kwenye fungu la tatu. Wekundu wa ngozi iliyovimba ni damu inayoonekana kupitia ngozi nyeupe, kama mwali wa taa unavyoonekana kupitia karatasi. Katika ngozi yenye rangi nyingi damu ni ile ile, na uvimbe ni ule ule, na joto ni lile lile. Lakini pazia ni zito, na kinachoonekana nje ni zambarau iliyofifia, au kahawia iliyokoza, au kijivu cha jivu. Willan alieleza alichokiona kwa wagonjwa wake wa London, na Biett kwa wake wa Paris, na katika hilo hawana lawama. Lakini aliyekuja baada yao karne mbili, akasema pasipo wekundu hapana uvimbe, alikuwa amekwisha kusahau kwamba fungu lile lilipangwa na jicho, na kwamba jicho hujifunza kwa ngozi lilizozitazama.

Katika habari zote za Saint-Louis hakuna iliyonigusa kama ya upele. Kwetu husemwa kwamba Mwenyezi Mungu humpa upele asiye na kucha, na kwa hakika upele ni maradhi ya zamani na ya watu wengi. Walakini sababu yake ilipotea mikononi mwa wasomi mara kwa mara, ilhali watu wanyonge walikuwa nayo muda wote. Ibn Zuhr, tabibu wa Sevilla aliyekufa mwaka 1162, aliandika habari za kidudu kidogo mno kinachotambaa katika ngozi, ambacho ngozi ikichunwa hutoka kikiwa hai. Mwaka 1687 Giovan Cosimo Bonomo, tabibu wa Livorno katika Italia, akishirikiana na mtaalamu wa dawa Diacinto Cestoni, alikitazama kwa hadubini na kukichora, baada ya kuona wanawake maskini wakikitoa kwa pini katika mikono ya watoto wao, na watumwa wa bandari wakitoleana wao kwa wao. Kazi yake haikushika. Madaktari wakubwa waliendelea kusema upele hutoka katika ubaya wa damu.

Mwaka 1812 mtaalamu wa dawa wa Saint-Louis, aitwaye Galès, alidai kuwa amekipata kidudu hicho na kuleta mchoro wake, akasifiwa sana. Ila wengine walipotafuta hawakukiona, na baadaye mwanasayansi Raspail alipoulinganisha mchoro ule na utitiri wa jibini aliona kuwa ni kitu kimoja. Aibu hiyo iliwafanya wengi wakate shauri kwamba kidudu hakipo. Jean Lugol, tabibu wa hapo hapo Saint-Louis, ambaye jina lake limebaki katika maji ya aidini, aliweka ahadi ya faranga 300 kwa yeyote atakayemwonyesha.

Mwezi wa Agosti 1834 akasimama mwanafunzi mmoja aitwaye Simon François Renucci, mtu wa kisiwa cha Corsica, katika wodi ya Alibert. Alichukua mkono wa mgonjwa, mwanamke kijana, akatafuta penye mstari mwembamba kama mkwaruzo wa sindano, hakugusa kilengelenge ambacho wakubwa wake walikuwa wakikipasua kwa miaka ishirini bila ya kupata kitu, bali alifuata mstari hata mwisho wake, akaingiza ncha ya sindano, na akatoa juu yake nukta nyeupe. Nukta ile ilitembea. Walipomwuliza amejifunza wapi, alisema huko kwao wanawake wa mashamba hufanya hivyo kila siku.

Mimi niliposoma hayo nilimkumbuka marehemu bibi yangu, aliyeketi barazani na pini iliyopitishwa juu ya moto, akitoa funza katika vidole vya miguu yetu bila ya kupasua mfuko wa mayai, na kutuambia, “Tulia, mjukuu wangu, mwenye haraka hutoa nusu akaacha nusu.” Yeye huyo, mtoto akipata upele, alitwanga kibiriti upele, akakichanganya na mafuta ya nazi, akampaka toka shingoni hata nyayoni siku tatu, na nguo zote zikatokoswa. Na hiyo salfa, ambayo lugha yetu imeipa jina la ugonjwa inaoutibu, ndiyo hiyo hiyo iliyotumiwa Saint-Louis katika maji ya kuogea, katika mafusho na katika marhamu. Kidudu kilipokwisha kujulikana, tabibu Alfred Hardy aliweza, katikati ya karne ile, kupunguza matibabu ya upele yaliyokuwa yakichukua siku nyingi hata yakawa ya muda wa saa mbili: mgonjwa huoshwa na kusuguliwa kwa sabuni, hupakwa marhamu ya salfa mwili mzima, na kwenda zake. Maelfu ya watu wa kazi ambao zamani wangelazwa walirudi kazini siku ile ile. Marhamu ilikuwa karibu ni ile ya zamani. Kilichozidi ni yakini ya kujua kidudu kimekaa wapi, nayo ilitoka kwa wanawake wa Corsica.

Mtu mwingine aliyeingia kutoka nje ni Jules Baretta, naye hakuwa tabibu kabisa. Alikuwa fundi wa kutengeneza matunda ya bandia kwa karatasi iliyopondwa, na kazi zake ziliuzwa katika Passage Jouffroy, ule ujia wa maduka wenye paa la vioo. Tabibu Charles Lailler wa Saint-Louis aliyaona matunda yale, na jinsi yalivyofanana na ya mtini hata katika doa la kuanza kuoza, akafikiri: mkono uwezao kuiga ganda la tunda utaweza kuiga ngozi ya mtu. Akamwita. Mwaka 1867 Baretta alitoa sanamu yake ya kwanza ya nta, na kwa karibu nusu karne hakufanya kazi nyingine.

Nilipata ruhusa ya kuingia kwa miadi katika makumbusho ya hospitali, zinakohifadhiwa sanamu hizo, na naeleza nilichokiona. Ni ukumbi mrefu wenye roshani juu, na kuta zake zimejaa makabati ya vioo, na ndani ya makabati mna sanamu zaidi ya 4,000: mikono, nyuso, migongo, midomo, vichwa vya watoto. Fundi alimimina plasta juu ya kidonda chenyewe, mgonjwa akiwa ametulia, kisha ndani ya kalibu iliyopatikana akamimina nta aliyoichanganya kwa siri ambayo hakuisema kwa mtu, akaitia rangi huku mgonjwa akiwa mbele yake, akapandikiza nywele palipostahili nywele, akazungushia kitambaa cheupe na kuipigilia juu ya ubao mweusi. Chini kuna kibandiko chenye jina la ugonjwa, jina la tabibu na mwaka. Jina la mgonjwa halipo. Nilisimama mbele ya mkono mmoja wa mwanamke, wenye kucha zilizokatwa vizuri na kovu dogo la kisu cha jikoni kwenye kidole cha shahada, kovu ambalo halikuhusu ugonjwa hata kidogo, lakini Baretta hakuliacha. Nilihisi kwamba fundi huyu, kwa kutoacha kovu lile, alimfanyia mwanamke yule heshima ambayo kibandiko hakikumfanyia.

Na kwa sehemu kubwa mno ngozi hizo ni nyeupe, kwani ndivyo walivyokuwa watu wa Paris wa zama zile. Mbele ya nta hiyo vilifundishwa vizazi vya madaktari wa Ufaransa na wa nchi nyingine. Mwezi wa Agosti 1889, mwaka ambao mnara wa Eiffel ulifunguliwa, madaktari wa ngozi kutoka nchi nyingi walikusanyika katika ukumbi ule ule kwa mkutano wao wa kwanza wa kimataifa, makabati ya Baretta yakiwa ndiyo kuta zao.

Tabibu Raymond Sabouraud, aliyefuata, ningeweza kuandika habari zake peke yake. Watoto wenye punye walikuwa wakifukuzwa katika shule za Paris, hata mwaka 1886 ikafunguliwa shule yao ndani ya Saint-Louis, wasome huku wakitibiwa, na matibabu yenyewe yalikuwa kung'olewa nywele na kungoja, pengine miaka. Sabouraud alizitenga kuvu zinazoleta punye, moja moja, akazikuza katika chakula cha maabara ambacho bado kina jina lake katika kila maabara ya hospitali, pamoja na za kwetu, na mwaka 1904 akaonyesha jinsi ya kutumia miali ya eksirei kwa kipimo ili nywele zidondoke zenyewe. Miali hiyo leo haitumiki kwa kazi hiyo, kwa sababu ya madhara yake. Ila kuvu alizozitenga ni zile zile.

Sasa nirudi kwenye zamu yangu. Niliitwa na tabibu mwanamke, mtu wa makamo, ambaye kabla ya kuniuliza lolote alinisogeza karibu na dirisha, akavuta taa yenye kioo cha kukuza, kisha akaizima. Akafumba macho. Akapitisha ncha za vidole katika mkunjo wa kiwiko changu, polepole, akaenda mbele penye ngozi nzima na kurudi penye ngozi mbovu, kama mshonaji apapasaye kitambaa kutafuta mshono. “Bwana,” alisema, “hapa pana joto, na pamenyanyuka. Kwenye ngozi yangu mimi pangekuwa pekundu. Kwako ni hii rangi ya zambarau iliyo chini ya jivu. Ilikuwaje kabla ya kipupwe?” Nilimwonyesha picha zangu za Bagamoyo kwenye simu. Alizitazama kwa makini kuliko alivyotazama barua niliyokuja nayo.

Nilikuwa nimetayarisha karatasi. Siku moja kabla, nilikwenda maktaba nikaifungua kamusi ya Kiswahili kwa Kifaransa ya Padri Charles Sacleux, ambaye alifika Unguja mwaka 1879 na kukaa pwani yetu akikusanya maneno kwa uvumilivu mkubwa, na kamusi yake ikapigwa chapa huku huku Paris mwaka 1939. Kwa msaada wake niliandika upande mmoja kuwasha, kunyea, kuchonyota, kuwawa, na upande wa pili maelezo ya kila neno kwa Kifaransa, na chini yake majina ya maradhi, na jinsi kila moja linavyojulikana kwetu: mba ni mabaka mepesi yasiyowasha sana na yanayotoa unga yakikwanguliwa, choa ni duara yenye ukingo mkali, ukurutu ni ukavu wa mikunjo unaonyea usiku. Tabibu aliisoma yote. Aliponyanyua kichwa aliweka kidole juu ya neno la ukurutu, akasema, “Ni hili.” Akaniandikia marhamu yenye nguvu kwa wiki mbili, akaniagiza niache sabuni, nipunguze joto la maji, nijipake mafuta mazito kabla ngozi haijakauka, na akaniomba, ikiwa siihitaji, nimwachie ile karatasi. Wiki ya tatu nililala usiku mzima.

Mkutano ule wa 1889 ulizaa mingine, na baadaye vyama vya madaktari wa ngozi vya dunia vikajifunga katika umoja, na umoja ule ukaunda mwaka 1987 taasisi ya kuwahudumia wagonjwa wa nchi zenye madaktari haba. Na kwa juhudi zake, pamoja na serikali yetu, kikafunguliwa mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako maafisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika wamefunzwa, na ambako hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino. Huko ngozi nyeusi si jambo la pembeni. Ndiyo inayoanza katika somo la kwanza. Kutoka ukumbi wa Baretta hata Moshi ni njia ya miaka 103.

Kwa hiyo ninalo ombi, kwa wale wanaoishi ughaibuni na kwa wale waliobaki nyumbani. Aliye ughaibuni, akienda kwa tabibu wa ngozi, achukue picha ya ngozi yake ilivyokuwa katika siha, na aseme bila ya haya kwamba ugonjwa kwake hauwi mwekundu. Aliye nyumbani, kama bado ana bibi au nyanya anayetambua choa na mba kwa kidole, gizani, bila ya kuwasha taa, na aketi naye jioni moja amwulize kila jina, na kila dalili, na rangi yake juu ya ngozi yetu, ayaandike kama ayasikiavyo, na nakala awapelekee watu wa Moshi. Wangu alifariki kabla sijamwuliza, na katika karatasi niliyoiacha Paris mlikuwa na majina saba tu.